Usimamizi wa Hali katika Programu za Wavuti: Historia Yake Ikitazamwa kutoka Kindu

1.0 Utangulizi

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, umejengwa pande zote mbili za mto Lualaba. Tarafa za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi. Alunguli iko ng'ambo, na hakuna daraja linaloziunganisha. Atakaye kuvuka huvuka kwa chombo. Reli ya kwenda Kongolo ilipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, Kindu ulikuwa mahali ambapo mizigo ya mtoni iliteremshwa na kupakiwa katika mabehewa. Ni mji uliokuzwa na kazi ya kupokezana: kilichofika kwa njia moja kilihesabiwa, kikaandikwa upya, kikaendelea kwa njia nyingine.

Jimbo lenyewe liliundwa mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo matatu. Lina eneo linalozidi kilomita za mraba 130,000 na kanda za afya 18. Kila mwezi vituo vya afya huhesabu wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa dhidi ya surua na akina mama waliojifungua. Hesabu hizo hupelekwa kwa karatasi hadi ofisi kuu ya kanda, na hapo huingizwa katika kompyuta kwa njia ya kivinjari, katika mfumo wa DHIS2 unaotumiwa na wizara ya afya ya Kongo. Seva inayozipokea iko mbali. Kati ya kidole cha mwandikaji na seva hiyo kuna mtandao usiotegemeka na umeme usiotegemeka.

Hapa huzuka swali ambalo kwa juujuu laonekana dogo. Iwapo mtandao umekatika baada ya idadi kuandikwa na kabla haijapokelewa, idadi hiyo iko wapi? Je, imo katika kisanduku kinachoonekana kwenye kioo, au katika kumbukumbu ya programu, au katika diski ya kompyuta ile, au haimo popote? Na mwandikaji atajuaje? Watoto 40 waliougua surua mwezi mmoja katika kanda moja wanaweza kuonekana Kinshasa kuwa sifuri, na sifuri hiyo isitofautike na afya njema.

Wanasayansi wa kompyuta huliita jambo hili usimamizi wa hali, na tangu mwaka 2010 wametunga mbinu nyingi za kulikabili. Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu hizo na kuzilinganisha kwa kigezo ambacho walinganishaji wengi hawakitaji, kwa kuwa waliishi penye mtandao usiokatika: ni nani mwenye nakala ya kuaminiwa wakati pande mbili haziwezi kusemezana.

2.0 Neno "hali" na asili ya tatizo

Kwanza neno lenyewe. Kiingereza na Kifaransa hutumia neno moja kwa hali ya kitu na kwa dola. Kiswahili hakina utata huo: hali ni hali, dola ni dola, na mtu anayesoma "usimamizi wa hali" hawezi kudhani kwamba anasomeshwa siasa. Tena neno hili limezoeleka mno katika salamu. Anayeulizwa "U hali gani?" haulizwi historia yake yote, bali alivyo sasa hivi. Maana ya kitaalamu ni hiyohiyo. Hali ya programu ni jumla ya yale ambayo programu inapaswa kuyakumbuka kwa wakati fulani ili kinachoonekana kwenye kioo kilingane na ukweli: mwezi uliochaguliwa, kituo kilichochaguliwa, idadi iliyoandikwa, na kama idadi hiyo imekwisha kuhifadhiwa au bado.

Wavuti ilizaliwa bila kumbukumbu. Itifaki yake ya awali ilimchukulia kila mwombaji wa ukurasa kama mgeni asiyepata kuonekana. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni vidakuzi, yaani vijialama ambavyo kivinjari hutunza na kuvirudisha kwa seva ili seva imtambue mgeni wake. Hata hivyo hali yote ya maana ilibaki kwenye seva. Mtumiaji alijaza fomu, akabonyeza kitufe, akangojea ukurasa mzima urudi. Kama njia ilikatika katikati, aghalabu fomu ilipotea pamoja na yote aliyoyaandika, akaanza upya. Mbinu hii ina sifa moja isiyopaswa kudharauliwa: ukweli ulikuwa mahali pamoja tu. Lakini sifa hiyo haimfai mtu ambaye hawezi kupafikia mahali hapo.

Kuanzia mwaka 1999 vivinjari vilianza kupata uwezo wa kuzungumza na seva bila kupakia ukurasa upya, na mwaka 2005 Jesse James Garrett aliupa mtindo huo jina la Ajax. Mwaka uliofuata John Resig alitoa maktaba ya jQuery. Tangu hapo hali ilianza kuhamia upande wa mbele, lakini ilihamia bila mpango. Iliwekwa ndani ya kioo chenyewe: kisanduku kilikuwa ndicho hifadhi, rangi ya kitufe ilikuwa ndiyo kumbukumbu. Programu iliyotaka kujua idadi ya wagonjwa ilikwenda kuisoma katika kisanduku, kama karani anayesoma hesabu zake katika ubao wa matangazo badala ya daftari.

3.0 Oslo na California

Dawa ya mchafuko huo ilikuwa imekwisha kubuniwa zamani. Mwaka 1979, akiwa mgeni katika maabara ya Xerox huko California, Mnorwe Trygve Reenskaug alipendekeza programu zenye kiolesura zigawanywe sehemu tatu: kielelezo kinachotunza ukweli, mwonekano unaouonyesha, na kidhibiti kinachopokea amri za mtumiaji. Reenskaug baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Chuo hichohicho ndicho makao ya mradi wa HISP uliozaa DHIS2. Haidaiwi hapa kwamba jambo moja lilizaa jingine. Ila ni sadfa inayofaa kukumbukwa, kwa sababu masuala yote mawili, mgawanyo wa ukweli na mwonekano kwa upande mmoja, na takwimu za afya za nchi maskini kwa upande wa pili, yatakutana baadaye.

Mwaka 2010 mawazo ya Reenskaug yaliingia katika kivinjari kwa kishindo. Backbone ya Jeremy Ashkenas, Knockout ya Steve Sanderson na AngularJS iliyotoka Google zilitolewa zote mwaka huo. Backbone ilimpa mtunzi vielelezo na matukio, ikamwacha apange mengine mwenyewe. AngularJS ilifunga kielelezo na mwonekano kwa kamba ya pande mbili: kisanduku kikibadilika kielelezo hubadilika, na kinyume chake. Ilipendeza sana katika programu ndogo. Katika programu kubwa, badiliko moja liliamsha jingine, nalo likaamsha la tatu, hata isijulikane ni nani aliyeanza.

Kisa mashuhuri zaidi ni kile kilichosimuliwa na wahandisi wa Facebook mwaka 2014. Kialama cha ujumbe mpya kilikuwa kikiwaka, mtumiaji akifungua asikute ujumbe wowote. Walikirekebisha, kikarudi, wakakirekebisha tena, kikarudi tena. Sababu ni kwamba sehemu kadhaa za ukurasa zilitunza kila moja hesabu yake ya ujumbe usiosomwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikuwa zaidi ya wawili. Pamoja na React, maktaba waliyokuwa wameitoa mwaka 2013, walipendekeza mpango walioupa jina la Flux: mabadiliko yapite upande mmoja tu, kutoka tendo hadi ghala, kutoka ghala hadi mwonekano.

Mwaka 2015, katika mkutano uliofanyika Paris, Dan Abramov alionyesha Redux, iliyoupunguza mpango wa Flux hadi kiini chake na kuazima pia kwa lugha ya Elm ya Evan Czaplicki. Kanuni zake ni chache. Hali yote ya programu huwekwa katika ghala moja. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa moja kwa moja. Anayetaka badiliko hutoa tendo, yaani maelezo ya kilichotokea, na kitendakazi kisicho na athari za pembeni hupokea hali ya zamani pamoja na tendo na kurudisha hali mpya. Mwaka huohuo Mholanzi Michel Weststrate alitoa maktaba ambayo sasa yaitwa MobX, iliyoshika njia iliyo kinyume kabisa: mtunzi abadilishe hali apendavyo, nayo maktaba itafuatilia yenyewe ni nani anayeitegemea na kumwarifu.

Mabishano yaliyofuata yalihusu wingi wa maandishi. Wapinzani wa Redux walilalamika kwamba ili kubadilisha neno moja ilibidi kufungua mafaili matatu, na Abramov mwenyewe mwaka 2016 aliandika kuwahadharisha watu wasiitumie pasipo haja. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini yalikuwa malalamiko ya watu ambao swali la Kindu halikuwa limewafikia.

4.0 Nairobi 2011, na majuma matatu ya Januari 2019

Wakati California ikishindana juu ya visanduku, Kenya ilikuwa inaamua namna ya kukusanya takwimu za afya za nchi nzima. Toleo la kwanza la DHIS lilitungwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kumalizika kwa ubaguzi wa rangi, nalo lilikaa katika kompyuta moja moja. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake, na kuzikusanya nakala hizo kulikuwa kazi ya jasho. Mwaka 2011 Kenya ilichagua njia nyingine: seva moja kuu, na maofisa wa takwimu wa wilaya wenye modemu za simu. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo.

Uamuzi huo ulileta tatizo mara moja, kwa kuwa modemu hukatika. Ufumbuzi uliopatikana ulitumia uwezo mpya wa vivinjari vya wakati huo. Fomu ya kuingizia takwimu iliwekwa katika hifadhi ya kivinjari ili iweze kufunguka hata pasipo mtandao, na idadi iliyoandikwa wakati mtandao umekatika iliwekwa katika hifadhi ndogo ya kivinjari yenye nafasi ya megabaiti 5 hivi. Mtandao uliporudi, mtumiaji aliarifiwa kuwa ana takwimu ambazo hazijapelekwa, akazipeleka. Tena kila kisanduku kilihifadhiwa peke yake, bila kungoja fomu nzima ikamilike; thamani ikipokelewa, kisanduku hugeuka kijani.

Kijani kile si pambo. Ni tamko kwamba hali ya kisanduku ina sehemu mbili: thamani iliyoandikwa, na uhusiano wa thamani hiyo na seva. Ulimwengu wa React ulichukua miaka mingi kuifikia tofauti hiyo. Ni mwaka 2019 tu ambapo maktaba kama SWR, na React Query ya Tanner Linsley, zilianza kuwafundisha watunzi kwamba mambo mengi waliyokuwa wakiyatia katika ghala la Redux hayakuwa hali yao hata kidogo. Yalikuwa nakala ya mali ya seva, na nakala huchakaa. Wazo hilo lilipokewa kama uvumbuzi. Maofisa wa takwimu wa Kenya walikuwa wakilitazama kwa rangi ya kijani kwa miaka minane.

Kongo iliipokea DHIS2 katika miaka ya 2010, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ilikuwa imeenea majimboni. Ndipo ulipokuja mtihani ambao hakuna mtunzi wa maktaba aliyeuwaza. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarejeshwa baada ya takriban majuma matatu. Majuma hayo ni ya mwanzo wa mwezi, wakati ripoti za mwezi uliopita huingizwa. Tena jimbo jirani la Kivu Kaskazini lilikuwa katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tangu Agosti 2018.

Yafaa kuziweka mbinu zote mbele ya majuma hayo matatu. Ukurasa wa mtindo wa 1994 haufunguki kabisa. Programu ya jQuery tupu inafunguka ikiwa ilikwisha kupakiwa, lakini umeme ukizimika mara moja, yaliyoandikwa yamekwenda. AngularJS, MobX na Redux katika umbo lake la kawaida hazina nafuu, kwa maana zote tatu hutunza hali katika kumbukumbu ya muda. Kompyuta ikizimwa ghala nalo huzimika. Mpango wa Kenya wa 2011 unavumilia, kwa sharti kwamba kompyuta iwe ileile, kivinjari kiwe kilekile, na asitokee mtu wa kufuta historia ya kivinjari ili "kuongeza nafasi". Katika ofisi yenye kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, sharti la tatu si jepesi.

Hapa ndipo Redux inapojitofautisha na wenzake kwa namna ambayo wakosoaji wake hawakuizingatia. Kwa kuwa hali yote iko mahali pamoja, ni rahisi kuinakili yote katika diski. Na kwa kuwa kila badiliko ni tendo lililoandikwa, matendo yaliyofanywa bila mtandao yanaweza kupangwa foleni na kupelekwa moja baada ya jingine njia ikifunguka. Ule wingi wa maandishi uliolalamikiwa ni ule wa daftari la mwekahazina, ambamo hakuna tarakimu inayofutwa bali kila badiliko huandikwa mstari wake. DHIS2 ilipoandikwa upya kwa React, programu yake ya kunasa taarifa za mgonjwa mmoja mmoja ilijengwa juu ya Redux. Programu mpya ya kuingizia takwimu za jumla, iliyotolewa mwaka 2022, ilichukua njia ya React Query. Mradi mmoja umetumia mbinu mbili kwa kazi mbili, na ni vigumu kuulaumu. Katika kazi ya kwanza mtumiaji hutunga kitu kipya chenye hatua nyingi. Katika ya pili hujaza nafasi ambazo mwenyewe ni seva.

Miradi mingine ya kanda hii imechagua vingine. OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kukulia Eldoret, imeandikwa upya upande wake wa mbele kwa vipande vingi vya React vinavyoshirikiana maghala madogo ya Zustand. Uchaguzi huo unatokana na hospitali zenyewe: kila moja huchagua vipande inavyovihitaji, na ghala moja kubwa lingevifunga vyote pamoja.

5.0 Nakala mbili zinapopingana

Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kupatanisha. Chukuliwe mfano wa karani wa kanda aliyeandika idadi 14 tarehe 5 bila mtandao. Tarehe 12 ofisi ya jimbo mjini Kindu, ikiwa na karatasi mkononi, inagundua kosa na kuandika 41. Tarehe 20 mtandao wa kanda unarudi, na 14 ya karani inaondoka katika hifadhi ya kivinjari kwenda kwenye seva. Penye kanuni kwamba anayefika mwisho ndiye mshindi, 14 itaifuta 41, ingawa ndiyo iliyoandikwa kwanza. DHIS2 hutunza kumbukumbu za mabadiliko, kwa hiyo mchunguzi anaweza kuikuta 41 baadaye. Lakini lazima kwanza awe na sababu ya kuchunguza.

Jibu lililo makini zaidi lilitoka nje ya mabishano ya React. CouchDB, hifadhidata iliyoanzishwa na Damien Katz mwaka 2005, na mwenzake PouchDB anayekaa ndani ya kivinjari, hulichukulia kila badiliko kama toleo jipya lenye mzazi anayejulikana. Matoleo mawili yenye mzazi mmoja yakikutana, mfumo huchagua mmoja kwa kanuni ambayo kila kompyuta itaifikia vilevile, lakini hamtupi aliyeshindwa. Mgongano hubaki umeandikwa, ungojee mwamuzi. Njia hii ndiyo iliyo chini ya programu za wahudumu wa afya ya jamii zilizojengwa juu ya zana za shirika la Medic, zikiwamo zile za Kenya zilizozinduliwa nchi nzima mwaka 2023 kwa wahudumu wapatao 100,000. Katika programu hizo ghala la aina ya Redux lipo, ila limeshushwa cheo: ni kioo cha kuonyeshea. Ukweli hukaa katika hifadhidata ya simu, na simu na seva ni ndugu wawili, wala si bwana na mtumwa.

Gharama yake ipo. Simu hubeba data nyingi, ulandanishi wa kwanza huchukua muda, na mtu asiyefunzwa hajui la kufanya anapoambiwa kwamba ipo migongano. Kwa takwimu za jumla za kanda 18, huenda gharama hiyo ikazidi faida. Kwa faili la mgonjwa mmoja mmoja, haizidi.

Hivi karibuni mwelekeo umegeukia ishara, yaani thamani ndogo ndogo zinazojua zenyewe ni sehemu gani ya kioo inazitegemea. Ni wazo la Knockout ya 2010 lililorudi likiwa limekomaa: Ryan Carniato alilifufua katika Solid, Angular ikalichukua katika toleo la 16 mwaka 2023, na mwaka 2024 pendekezo la kuliingiza katika lugha ya JavaScript yenyewe lilipokewa katika hatua ya kwanza. Ishara huchora upya kile tu kilichobadilika, jambo lenye manufaa makubwa kwenye simu za bei nafuu zinazouzwa katika soko la Kindu kama penginepo. Kuhusu kuhifadhi katika diski, kupanga foleni na kupatanisha nakala mbili, pendekezo hilo halina kifungu. Kazi hiyo imeachiwa wale watakaojenga juu yake.